Kufuta taa si kutengeneza breki
Taa ya ABS na ile ya kigari kinachoteleza zikiwaka pamoja mara tu baada ya kubadilishwa beringi ya gurudumu, shuku kwanza kazi iliyofanyika, si kompyuta. Beringi nyingi za kisasa zina ukanda wa sumaku upande mmoja. Ikipachikwa kinyume, sensa haisomi mzunguko, na mifumo yote miwili, wa kuzuia magurudumu kujifunga (ABS) na wa kuzuia gari kuteleza, hujizima. Kufuta hitilafu kwa mashine hakusaidii: ukitoka mtaa wa Kondele, hata Mamboleo jirani hujafika, taa zimerudi. Wapo watakaosema breki bado zinashika. Kweli, lakini kwenye mteremko wa Riat mvua ikinyesha, magurudumu yakijifunga, gari halisikii usukani. Taa nyekundu ya breki ikiungana nazo, usiliondoe gari. Angalia mafuta ya breki kwanza.