Kama Mnatukodishia, Msituambie Mnatuuzia

Hapa Manyatta kila mtu anajua tofauti ya kukodi shamba na kununua shamba. Ukikodi robo ekari ya kupanda nyanya, unalipa ya msimu mmoja au miwili, mnaandikiana karatasi, shahidi anaweka sahihi, na siku zikiisha unang'oa vijiti vyako unaenda. Hakuna ugomvi. Kununua ni story ingine kabisa. Kuna wakili, kuna bodi ya ardhi, kuna taito yenye jina lako, na bei ni ya kufanya mtu auze ng'ombe. Sasa fikiria mzee akuuzie shamba, apokee pesa yote ya kununua, akupe mkono akisema hongera ni lako, halafu miaka 4 baadaye aje na seng'enge afunge njia, akuonyeshe mstari mdogo nyuma ya karatasi unaosema alikuwa anakukodishia. Huyo mzee hangelala kwake. Chifu angeitwa, na vijana wangekuja bila kuitwa.

Hivyo ndivyo tunavyouziwa gemu siku hizi, na hakuna anayemwita chifu.

Wacha nianze na yangu. Niliacha chuo mwaka wa pili, karo ilipotushinda nyumbani. Tangu hapo naandika kwa mtandao: makala za kusifu blenda ambazo sijawahi kuzishika, maelezo ya dawa za mbwa, blogu za mawakili wa ng'ambo. Pesa ya kwanza ya maana niliyopata, nilifanya kitu ambacho mamangu hadi leo hajakielewa. Nilinunua gemu halali. Kabla ya hapo zote zilikuwa za kunakiliwa kwa flashi, zile zinakuja na virusi vyake bure. Nikajiambia, msee, sasa wewe ni mtu mzima, unalipa jasho la wengine kama unavyotaka walipe lako. Nikatengeneza kadi ya mtandaoni kwenye simu, nikabonyeza "nunua". Kwa miaka 2 nikafikisha gemu 11, nyingi za kungoja ofa, moja moja.

Kisha laptop ikafa. Nikaingia kwa mashine nyingine, duka likaona dalili za wizi, akaunti ikafungwa. Wakaniambia nithibitishe mimi ni mimi kwa kutoa namba za kadi niliyolipia mara ya kwanza. Kadi ya mtandaoni, buda. Nilikuwa nimeifuta kitambo. Nikatuma risiti. Nikatuma meseji za malipo. Majibu yalikuja kwa adabu zote, yakinishukuru kwa subira yangu, na baada ya jibu la tatu nikajua naongea na ukuta. Duka silitaji, kwa sababu ningelitaja mngedhani shida ni hilo moja. Nilirudi kusoma mkataba niliokuwa nimeukubali bila kuusoma, na hapo ndipo nilipopigwa na ukweli. Sikuwa nimeibiwa. Kisheria sikuwa na kitu cha kuibiwa.

Maana mikataba hii husema kitu kimoja: unapewa leseni, ruhusa ya kutumia. Mkataba wa Steam, duka ambalo Valve ilianzisha mwaka 2003 na ambalo wengi wetu tunalitumia, haukuruhusu kuuza akaunti yako wala kumhamishia mtu mwingine. Kwa miaka na miaka maneno hayo yalikaa ndani kabisa ya kurasa ambazo hakuna binadamu huzisoma, huku kitufe cha nje kikisema "nunua". Septemba 2024 jimbo la California likapitisha sheria inayokataza duka la kidijitali kutumia neno hilo bila kumweleza mteja wazi kwamba anachopata ni leseni. Sheria ilianza kazi Januari 2025. Kabla hata ianze, mnamo Oktoba, Steam ikaweka ilani pale pa kulipia. Kwa hiyo waliweza kusema ukweli muda wote huo. Walingoja kulazimishwa.

Na tusidhani leseni ni maneno tu ya mawakili. The Crew, gemu ya magari ya Ubisoft iliyotoka 2014, ilihitaji intaneti hata ukiwa unaendesha peke yako. Tarehe 31 Machi 2024 Ubisoft ikazima seva. Muda si muda waliokuwa wameinunua wakaona leseni zao zimeondolewa kwenye akaunti. Waliokuwa na diski wakabaki na kisahani cha kuwekea kikombe. Januari ya mwaka huohuo mkurugenzi mmoja wa Ubisoft, akizungumzia huduma za kulipia kila mwezi, alikuwa amesema wachezaji watahitaji kuzoea kutomiliki gemu zao. Sawa, tutazoea. Lakini nanyi mzoee bei ya kukodi. Gemu kubwa mpya inauzwa dola 70. Hiyo ni zaidi ya shilingi 9,000, na hapa kwetu mtu anachuma kahawa ya wenyewe debe nyingi sana kabla afike hapo. Hakuna mtu hukodi kwa bei ya kununua isipokuwa amedanganywa.

Sasa njoo kwetu, mambo ni mabaya zaidi. Mei 2024 tuliona sinema yote hadharani. Helldivers 2 ilikuwa imetoka Februari, watu wakaipenda, wakainunua kwenye Steam. Kisha Sony ikatangaza kwamba wachezaji wa kompyuta nao ni lazima waunganishe akaunti ya PlayStation Network. Kenya haikuwa kwenye orodha ya mahali huduma hiyo inatolewa rasmi, sisi na nchi na maeneo mengine zaidi ya 170. Pesa yetu ilikuwa imekubaliwa bila swali. Ni sisi tuliokuwa hatumo kwa ramani. Gemu ikaondolewa kwenye mauzo katika nchi hizo, wachezaji wa dunia wakawasha moto, na ndani ya siku chache Sony ikarudi nyuma kuhusu sharti hilo. Wakenya wengi wenye PS nyumbani hawakushangaa sana. Akaunti zao zinasema wanaishi London, au Marekani, au Afrika Kusini. Ili tununue tunalazimika kudanganya tunakoishi, na siku tukilalamika, uongo huo ndio utakaotumiwa kutunyamazisha.

Ndiyo maana nawaambia hii si shida ya wazungu wenye rafu za gemu. Sisi ndio tulijifunza kucheza kwa diski za kupokezana. Kuna kibanda cha mabati hapa sokoni, televisheni mbili, PS3 moja ya umri wa mtoto wa Gredi 7, mechi shilingi 20. Mwenye kibanda ana diski ya FIFA ambayo ilinunuliwa Nairobi, ikachezwa Embu mjini, ikaletwa huku na mtu aliyekuwa anahitaji nauli. Ina mikwaruzo kama uso wa mwizi wa ng'ombe. Anaipangusa na shati, anaipulizia, anairudisha, inacheza. Nusu ya vijana wa rika langu walijifunzia hapo. Diski moja, shilingi elfu chache, mikono labda mia mbili. Toa diski, weka akaunti, na huo mnyororo umekatika. Akaunti haiuzwi ukihitaji nauli. Humpi kakako mdogo ukienda kutafuta kazi Mombasa. Hata mwenye kibanda ataanza kila mwaka upya, kwa bei ya dola, na kwa bando la kupakua gemu ya gigabaiti mia moja.

Na kuna kichekesho ndani ya diski hiyo. Jina FIFA lenyewe EA ilikuwa imelikodi. Mkataba wao na FIFA ulipoisha, toleo la 2023 likaitwa EA Sports FC 24, na FIFA za miaka ya nyuma zikaondolewa kwenye maduka ya kidijitali. EA ilijua vizuri maana ya kukodi: siku zikiisha unatoka. Tofauti ni kwamba wao waliambiwa mapema wanakodi, na walikuwa na mawakili mezani. Leo ukitaka mojawapo ya FIFA zile za zamani, kwenye duka rasmi la mtandaoni huipati. Kwenye kibanda cha mabati iko, shilingi 20.

Najua mtakachosema, kwa sababu nimebishana nanyi kwenye WhatsApp hadi saa nane usiku.

Kuna msee wa "kwani iko nini, Steam imekaa miaka ishirini na haijaninyang'anya kitu." Kweli, na nashukuru. Lakini unachosifu hapo ni tabia njema ya mwenye nyumba. Mwenye nyumba mzuri bado ni mwenye nyumba. Akifa, akiuza ploti, mwanawe akirithi na akili zake, wewe una nini mkononi? Nintendo ilifunga maduka ya 3DS na Wii U Machi 2023. Microsoft ikafunga la Xbox 360 Julai 2024. Walionunua waliachiwa kupakua tena, kwa sasa. "Kwa sasa" si taito.

Kuna yule wa "ni gemu tu." Ilikuwa vitabu pia. Mwaka 2009 Amazon iliingia kwenye Kindle za watu na kufuta nakala walizokuwa wamelipia, na kitabu chenyewe, sijatunga, kilikuwa 1984 cha George Orwell. Kampuni iliomba msamaha baadaye. Mkono uliofuta bado uko, na unafika kwa filamu, kwa muziki, kwa programu unazofanyia kazi. Wewe unayesoma hapa, kazi zako zote za chuo ziko kwa akaunti ya nani?

Na kuna yule anayenikera zaidi kwa sababu nilikuwa yeye: "mimi naiba tu, shida imeisha." Haijaisha, bana. Unaiba toleo ambalo mtu mwingine lazima kwanza alinunue, na gemu inayokaa kwenye seva za kampuni haiibiki, ikizimwa imezimwa. Tena naandika kwa mkate wangu. Siwezi kudai nilipwe halafu nicheke asiyelipwa. Aliyechora ile barabara ya The Crew alistahili pesa yake. Aliyeilipia alistahili kubaki na barabara.

Hapa ndipo hasira yangu iko hasa. Mimi nikiuza, nauza. Makala ya blenda ikishalipiwa ni ya mteja. Jina langu linatoka, anaibadilisha, anaiweka kwa tovuti tano. Siwezi kuingia usiku miaka 4 baadaye niifute kwa sababu nimebadilisha mpango wa biashara. Mkulima wa kahawa hapa juu akipeleka mbuni kiwandani hazirudi kwake, hata bei ipande vipi mwaka unaofuata. Sisi wanyonge tukiuza tunaachilia. Ni wakubwa tu waliojipa haki ya kuuza bila kuachilia.

Ulaya wameanza kuamka. Kampeni ya Stop Killing Games, iliyoanzishwa na Ross Scott baada ya kifo cha The Crew, ilipita sahihi milioni 1 Julai 2025, ikiuliza jambo dogo sana: ukizima seva, acha gemu katika hali inayoweza kuchezwa. Sisi hatuna sahihi huko, lakini hatuko mikono mitupu. Kifungu cha 46 cha Katiba ya 2010 kinampa mtumiaji haki ya kupewa habari anazohitaji ili afaidi alichonunua, na ulinzi wa masilahi yake ya kiuchumi. Sheria ya Kulinda Watumiaji ya 2012 inakataza maelezo ya uongo kwa mnunuzi. Kifungu cha 119 kinampa kila mtu haki ya kupeleka ombi Bungeni. Serikali imeshajua kudai VAT ya asilimia 16 kwa bidhaa za kidijitali zinazotoka nje. Kama inaona mauzo wakati wa kukusanya ushuru, ione mauzo pia wakati mwananchi amefungiwa mlango.

Ninachotaka kinaenea kwa karatasi moja. Kitufe kiseme ukweli: "kodi", kwa muda gani, kwa bei ya kukodi. Kikisema "nunua", gemu icheze bila kuomba ruhusa, na niweze kuiuza au kumpa kakangu. Kampuni ikichoka na seva, iache njia ya kuchezea nyumbani. Na pesa ya Mkenya ikikubaliwa, Kenya iwe kwa ramani.

Kabla hilo lifike, nunueni diski mkiweza, na mwangalie kwanza kama gemu yote imo ndani. Kwa kompyuta, duka la GOG la Poland limekuwa tangu 2008 likiuza gemu zisizo na kufuli. Kisheria nao wanakupa leseni, lakini faili unaiweka kwa hard disk yako na hakuna anayeweza kuja kuichukua. Mimi nimeanza upya huko. Nina gemu 2, ziko kwenye droo, chini ya soksi.

Rasimu ya ombi la Bunge nimeanza kuiandika pia. Jumamosi nitaipeleka pale kibandani wasee waisome wakingoja zamu yao. Anayetaka kuongeza sahihi anajua mahali, mechi bado ni 20.