Tundu Lililolika Nyuzi



Kuanzia Mchafukoge hadi gereji za Gerezani, mafundi hufungua na kufunga swichi za kuwashia magari. Mara nyingi skrubu ya chuma huingia katika aloi laini. Ikikazwa kupita kiasi, au ikianzishwa upande, hula nyuzi za tundu, nayo huzunguka bila kushika.

Hapo huja vishawishi viwili: kujaza gundi na kijiti cha kiberiti, au kulazimisha skrubu nene zaidi. Vyote humridhisha mteja kwa siku chache tu. Swichi iliyolegea yaweza kuzima injini gari likiwa mwendoni. Mwaka 2014 General Motors ya Marekani iliyaita magari yapatayo milioni 2.6 kwa swichi zilizoteleza kutoka mahali pake. Chanzo kilikuwa kingine, lakini mfuko wa fidia ulikubali madai ya vifo 124.

Njia ya haki yajulikana. Betri itenganishwe, tundu litobolewe kwa kipimo, nyuzi mpya zikatwe, kisha ipachikwe koili ya waya wa chuma cha pua. Skrubu ya kipimo kilekile hurudi na kushika imara.

Fundi na aseme ukweli tundu linapoharibika. Nasi wateja tusimharakishe, wala tusipunje ujira wake, kisha tukadai kazi kamilifu. Kazi inayofunikwa chini ya usukani haina shahidi. Ndiyo maana yadai uaminifu zaidi.