Mahindi ya sadaka yanauzwa mapema mno

Utafiti wa kitaifa wa afya uliofanyika Tanzania mwaka 2022 ulikuta kwamba asilimia 30 ya watoto walio chini ya miaka mitano wamedumaa. Mkoa ulioongoza haukuwa wa nyanda kame za kati. Ulikuwa Iringa, karibu asilimia 57, ukifuatiwa na Njombe na Rukwa, ambako kila watoto wawili mmoja amedumaa. Hiyo ndiyo mikoa inayojaza maghala ya taifa. Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula una kanda nzima Makambako kwa sababu mahindi yako huko. Na ni mikoa ambayo Jumapili makanisa hufurika.

Usharika wa Iringa unaojiuliza utafanya nini juu ya njaa hauna budi kuanza na hesabu hiyo. Shamba halijashindwa. Kilichoshindwa ni safari ya chakula kutoka shambani hadi kwenye sahani ya mtoto, na katika safari hiyo kanisa lenyewe ni mmoja wa wasafirishaji.

Njaa ya nyanda za juu ina kalenda yake. Mavuno ni Juni hadi Agosti, na bei huanguka kwa sababu kila mtu anauza kwa wakati mmoja: kuna ada, kuna deni la mbolea, kuna harusi. Kuanzia Desemba hadi Machi vihenge vinakauka, bei inapanda, na huo ndio wakati wa palizi. Mwenye nyumba isiyo na unga anakwenda kibarua kwenye shamba la jirani ili apate cha kupika jioni, huku shamba lake likimezwa na magugu. Mwaka unaofuata anavuna kidogo zaidi. Umaskini wa namna hii hautibiwi na kapu la Krismasi, hata likipigwa picha nzuri kiasi gani.

Sasa litazame kanisa ndani ya kalenda hiyo. Sikukuu ya Mavuno inafika, madhabahu inazungukwa na magunia, maboga, miwa na kuku waliofungwa miguu. Baada ya ibada mnada unafanyika nje. Kuku mmoja anaweza kunadiwa mara tatu, maana kila anayemnunua anamrudisha anadiwe tena, na watu wanacheka na kushangilia. Gunia la mahindi halipati bahati hiyo. Linapakiwa kwenye fuso la mfanyabiashara kabla ya jua kuzama, kwa bei ya msimu wa mavuno. Fedha zinakwenda kwenye bati la kanisa, posho ya mwinjilisti na fungu la dayosisi, yote mambo ya halali. Februari inapofika, mzee wa kanisa anasimama kutangaza kwamba kuna bibi anayelea wajukuu ambaye hajawasha jiko. Sadaka maalumu inapitishwa, na inanunua madebe mawili kwa bei ya Februari. Usharika umeuza rahisi na kununua ghali, kosa lile lile linalommaliza mkulima maskini, tofauti ikiwa kwamba mkulima alilazimika.

Pendekezo langu ni kwamba sehemu ya tano ya mahindi ya sadaka isinadiwe. Ibaki ghalani mpaka Januari. Sina hoja ya kitaalamu ya kuchagua sehemu ya tano badala ya robo, ila ndicho kiwango ambacho Yusufu alipendekeza kwa Farao wakati wa miaka ya neema, na mzee wa kanisa anayetaka kukipinga itambidi akipinge akiwa ameshika Biblia mkononi.

Kuhifadhi, hata hivyo, ni kazi inayotaka mikono. Adui wa kwanza ni dumuzi, mdudu mwenye asili ya Mexico na Amerika ya Kati. Alionekana Afrika kwa mara ya kwanza Tabora, mwishoni mwa miaka ya 1970, na wataalamu wanaamini aliingia na shehena ya mahindi yaliyotoka nje. Anayedhani chakula cha kuagiza hakina gharama akumbuke hilo. Gunia la kawaida halimzuii dumuzi. Miezi minne baadaye unakuta unga na maganda. Mifuko ya kinga njaa humzuia bila dawa: ina tabaka mbili za plastiki ndani na la tatu la gunia nje, kila moja hufungwa peke yake, na mdudu aliyemo ndani anamaliza hewa na kufa.

Adui wa pili haonekani kwa macho. Mwaka 2016 sumukuvu iliua watu 20 katika mikoa ya Dodoma na Manyara. Kenya mwaka 2004 iliua 125, wengi wao wa Makueni na Kitui. Sumu hiyo hutokana na ukungu unaostawi katika nafaka zisizokaushwa sawasawa, na ukipika ugali haitoki. Mfuko usiopitisha hewa ukijazwa mahindi mabichi utawaletea waumini msiba. Lakini kipimo kipo na hakihitaji mashine. Chukua chupa kavu ya kioo, tia mahindi hadi theluthi yake, ongeza vijiko viwili vitatu vya chumvi kavu, funga, tikisa kwa dakika chache, kisha iache itulie. Chumvi ikiganda kwenye kuta za chupa, mahindi yarudi juani. Ikianguka yote chini, yamekauka. Umoja wa Vijana wa usharika unaweza kupima sadaka yote ya mavuno kwa asubuhi moja, na kazi hiyo itawafaa kuliko kuvaa sare na kuelekeza magari.

Je, inalipa? Utafiti uliofanyika Kilosa na Kondoa, ambako vikundi vya wakulima viligawiwa mifuko ya aina hii na kufundishwa kuitumia, ulikuta kaya zenye uhaba mkubwa wa chakula katika msimu wa njaa zimepungua kwa asilimia 38 kwa wastani. Bungoma, magharibi mwa Kenya, wakulima waliopewa mkopo wakati wa mavuno ili wasiuze haraka walipata faida, na walipokuwa wengi katika eneo moja hata bei za sokoni zilipunguza kupanda na kushuka. Jambo hilo la pili ni kubwa kwa kanisa. Ghala la usharika likiwa na nafaka ya kutosha linamsaidia hata jirani asiyewahi kulikanyaga.

Wapo watakaosema benki za nafaka zimejaribiwa na kufa, hasa katika nchi za Sahel, na watakuwa wamesema kweli. Nyingi ziliuawa na mikopo isiyorudi, viongozi waliojikopesha kwanza, na bei zilizopangwa kwa huruma bila kupiga hesabu. Kanisa haliko salama dhidi ya maradhi hayo. Kuna sharika ambazo hata daftari la sadaka ni la kugombaniwa. Kwa hiyo mambo mawili yakubaliwe kabla ya gunia la kwanza kuingia. Asiye na uwezo wa kurudisha apewe, na jina lake lisitangazwe madhabahuni. Mwenye shamba akopeshwe debe kwa debe, alipe mavuno yajayo, bila riba. Mlanguzi anayekopesha debe moja Februari hadai debe moja Agosti, na tofauti hiyo ndiyo huduma yenyewe. Hesabu zibandikwe mlangoni kila mwezi, gunia lililoingia na lililotoka, na funguo zishikwe na watu wawili wasio wa ukoo mmoja.

Swali la nani apewe ni la zamani kuliko dayosisi zetu. Matendo ya Mitume, sura ya sita, inaeleza malalamiko kwamba wajane waliozungumza Kiyunani walikuwa wanasahauliwa katika mgao wa kila siku, na watu saba wakachaguliwa kusimamia jambo hilo. Ushemasi wetu unatafuta asili yake katika ugomvi wa chakula. Leo jumuiya za nyumba kwa nyumba zinajua nani anapika mara moja kwa siku kuliko ofisi yoyote ya kijiji inavyojua. Hatari ni pale kadi ya ahadi inapogeuka kibali cha kupewa chakula. Aliyeacha kulipa ahadi mara nyingi ndiye mwenye njaa, na Mwislamu wa nyumba ya tatu naye ni jirani.

Ghala, lakini, halimwondolei mtoto udumavu. Mtoto wa Iringa hula ugali. Anachokosa ni maharage, yai, maziwa, matunda, na mama mwenye nafasi ya kumlisha zaidi ya mara mbili kwa siku wakati wa kulima. Hapa kanisa lina kitu ambacho zahanati ingekitamani: karibu kila mtoto wa Kilutheri au wa Kikatoliki hupita mbele ya mchungaji au padri akiwa mchanga, jina lake likaandikwa, na watu wazima wakasimama kuahidi kumlea. Ahadi hiyo ipewe mwili. Zawadi ya msimamizi wa ubatizo iwe kuku watetea wawili badala ya kitenge, na mayai yaliwe na mtoto yasipelekwe gulioni. Baba naye aitwe kwenye darasa la ubatizo, kwa sababu fedha za mahindi hushikwa naye.

Njaa ya dunia nayo inaugusa usharika huo huo wa kijijini. Mwaka 2024 watu wapatao milioni 673 duniani walikuwa na njaa, zaidi ya milioni 307 kati yao wakiwa Afrika. Agosti 2024 baa la njaa lilithibitishwa katika kambi ya Zamzam, Darfur, na chanzo chake kilikuwa vita na njia zilizofungwa. Karibu zaidi, mwaka 2023 Shirika la Mpango wa Chakula Duniani lilipunguza hadi nusu mgao wa wakimbizi wa Kongo na Burundi waliokuwa Kigoma, kwa kukosa fedha. Sadaka ya Jumapili moja kwa mwaka inaweza kufika huko kupitia vyombo kama Tanganyika Christian Refugee Service, kilichoanzishwa mwaka 1964 kwa kazi ya wakimbizi. Ni kidogo, na kipelekwe.

Kikubwa zaidi kiko kwenye urafiki ulioanza miaka ya 1980. Sharika nyingi za Dayosisi ya Iringa zina sharika rafiki huko Minnesota, katika uhusiano unaoitwa Bega kwa Bega. Wageni huja, huimba nasi, huchangia ada na visima. Wageni hao ni wapiga kura wa nchi ambayo kwa miongo mingi imenunua sehemu kubwa ya chakula chake cha msaada kwa wakulima wake yenyewe, na ambayo sheria yake inataka angalau nusu ya shehena ipande meli zenye bendera ya Marekani. Kanada iliondoa masharti ya namna hiyo mwaka 2008, na sauti ya makanisa yanayounda Canadian Foodgrains Bank ilikuwamo katika hoja hiyo. Marekani yenyewe ina Bread for the World, harakati iliyoanzishwa miaka ya 1970 na mchungaji wa Kilutheri wa New York, Arthur Simon, ambayo silaha yake kuu ni barua za waumini kwa wabunge.

Mara nyingi barua zetu kwa Minnesota huomba. Inayofuata ieleze: kwamba mahindi ya Makambako yanaweza kununuliwa na kufika Kigoma bila kuvuka bahari, na kwamba mbunge wao ana kura katika jambo hilo. Iambatanishwe na hesabu za ghala za mwaka mzima, magunia yaliyopotea yakiwemo, na isainiwe na mwenyekiti wa diakonia pamoja na mchungaji, ili wasomaji wa upande wa pili wajue wanaandikiwa na watu ambao nao wana nafaka ya kusimamia.