DENI LILIPWE, LAKINI KWA NJIA YA SHERIA

Dawa ya deni ni kulipa. Hilo halina mjadala, na sisi tunalitanguliza mbele ya maneno mengine yote. Fedha alizosomeshwa kijana wa Unguja au Pemba ni fedha za umma. Anapohitimu, akapata kazi, kisha akaacha kuzirejesha, huwa amemfungia mlango mdogo wake anayengoja zamu. Ndiyo maana kila yanapozungumzwa madeni ya mikopo ya elimu ya juu, halikosekani shauri kwamba wasiolipa wazuiwe kusafiri nchi za nje. Shauri hilo linavutia, lakini lina mipaka ya kisheria ambayo wananchi na watendaji wa Serikali hawana budi kuielewa.

Katiba ya Jamhuri ya Muungano, katika ibara ya 17, inampa kila raia haki ya kutoka nje ya nchi na kuingia. Ibara hiyo hiyo inakubali haki hiyo ipunguzwe kwa sheria, ili kutekeleza hukumu au amri ya mahakama, au kumlazimisha mtu kutimiza kwanza wajibu anaotakiwa na sheria nyingine kuutimiza. Kwa hiyo anayesema kwamba mdaiwa hawezi kuzuiwa asilani anakosea. Lakini anayedhani kwamba barua ya ofisi inayodai inatosha kumteremsha mtu kutoka kwenye ndege anakosea zaidi. Mahakama ya Rufani ya Tanzania, katika shauri la Kukutia Ole Pumbun la mwaka 1993, ilieleza kwamba sheria inayopunguza haki ya raia lazima iweke kinga dhidi ya maamuzi ya kiholela, na isiipunguze haki hiyo kupita kiasi kinachohitajika kufikia lengo lake halali.

India, ambako tulirithi sehemu kubwa ya sheria yetu ya mwenendo wa madai, imekwisha kuipita njia hii. Huko wakuu wa benki za umma walipewa mwaka 2018 uwezo wa kuomba wadaiwa wazuiwe mipakani. Tarehe 23 Aprili, 2024, Mahakama Kuu ya Bombay ilitamka kwamba uwezo huo haukuwa halali, kwa kuwa haki ya kusafiri haiondolewi kwa waraka wa watendaji pasipo sheria. Madeni hayakufutwa, wala amri zilizotolewa na mahakama hazikuguswa. Kilichokataliwa ni mdai kujifanya hakimu katika dai lake mwenyewe.

Hapa Visiwani lipo jambo jingine la kuzingatiwa. Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu Zanzibar iliundwa kwa sheria ya mwaka 2011 ya Baraza la Wawakilishi, ilhali uhamiaji ni jambo la Muungano. Anayedai ni chombo kimoja, na anayegonga muhuri wa pasi ni chombo kingine. Haifai basi jambo zito kama hili liendeshwe kwa kupigiana simu baina ya maofisa. Panahitajika sheria iliyo wazi au amri ya mahakama. Na njia ya mahakama ipo tangu zamani: mdai anayeonyesha kwamba mdaiwa anataka kutoroka ili kukwepa deni anaweza kuiomba mahakama imtake mdaiwa huyo aweke dhamana.

Tusisahau pia hali yetu ya visiwa. Wapo vijana wetu waendao Maskat na Dubai kutafuta kazi, na wapo wagonjwa wapelekwao India kutibiwa. Kijana asiye na ajira akizuiwa kwenda kuchuma, deni litalipwa na nani? Mkataba wa kimataifa wa haki za kiraia na kisiasa, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 1976, unakataza mtu kufungwa jela kwa sababu tu ya kushindwa kutimiza mkataba. Hekima iliyomo humo ni kumtenga asiyeweza kulipa na asiyetaka kulipa.

Kwa hiyo sisi tunashauri kwamba, ikiwa Serikali zetu zitaona zuio la safari ni la lazima, lipitie katika Bunge na liwe ni hatua ya mwisho, baada ya makato ya mshahara na madai kwa wadhamini kushindwa. Mdaiwa apewe taarifa mapema, si siku ya safari kiwanjani. Asikilizwe, awe na pa kukata rufaa, na zuio liwe na ukomo, liondolewe mara anapoanza kulipa kwa mafungu.

Kwa wadaiwa tunasema: msingoje kufuatwa. Nendeni Bodi mkapange namna ya kulipa, kwani kinga ya sheria tunayoitetea hapa haikuwekwa ili kuwafichia wadhulumati wa mali ya umma.