Gurudumu la tatu na njia tulizozimeza

Mpenzi msomaji, ikiwa nyumbani kwako ni Nyamache, Magombo au Ekerenyo, huhitaji mtu wa kukufunza matope ni nini. Mvua ya Gusii haina subira. Masika huanza Machi yakafika hata Juni, na kabla blanketi hazijakauka kambani, vuli nayo imebisha hodi. Sehemu nyingi za Kisii na Nyamira hupata zaidi ya milimita 1,500 za mvua kwa mwaka, na udongo wetu mwekundu, ule ule unaotupa majani chai na ndizi za kujivunia, hugeuka sabuni. Mtu hupanda mlima hatua mbili akateleza tatu.

Wenzetu wa nchi za baridi wana theluji, sisi tuna matope. Shida ni ile ile: gurudumu halipati pa kushika. Leo basi nataka tuzungumze juu ya chombo ambacho watu wa theluji wamekitumia kwa miaka mingi, kisha nikuulize swali moja kuhusu ua la shamba lako. Usishangae. Ua na pikipiki vinahusiana sana, kama utakavyoona.

Chombo chenyewe ni pikipiki yenye kigari cha ubavuni. Wazee waliowahi kutazama filamu za vita wanakijua. Ni pikipiki kama hizi tunazoziona kila siku, ila ubavuni imefungiwa kwa vyuma kigari kidogo chenye gurudumu moja, na abiria huketi humo badala ya kukaa nyuma ya dereva. Magurudumu huwa matatu, na chombo chenye magurudumu matatu hakilali chini kwa sababu tu kimepita juu ya utelezi.

Huko Ujerumani kuna mkutano wa waendeshaji pikipiki unaoitwa Elefantentreffen, yaani Mkutano wa Ndovu. Ulianza mwaka wa 1956, na jina lake linatokana na pikipiki ya Zündapp KS 601, iliyobandikwa jina la ndovu wa kijani na ambayo aghalabu ilifungiwa kigari. Mkutano huu haufanywi wakati wa jua. Hufanywa katikati ya majira ya baridi, na tangu mwaka wa 1989 hufanyiwa katika msitu wa Bavaria, karibu na kijiji cha Solla, watu wakapiga mahema juu ya theluji. Wengi huja na kigari ubavuni, kimejaa kuni, blanketi na sufuria. Warusi nao wana Ural, pikipiki iliyoanza kuundwa katika mji wa Irbit wakati wa Vita Vikuu vya Pili vya Dunia. Katika baadhi ya Ural injini husukuma hata gurudumu la kigari, ili gurudumu moja likizama jingine livute.

Na usidhani hayo ni mambo ya wanaume peke yao. Desemba 1934 wanawake wawili, Theresa Wallach na Florence Blenkiron, waliondoka London kwa pikipiki aina ya Panther yenye kigari ubavuni na mkokoteni nyuma. Walivuka jangwa la Sahara, wakapita Afrika ya Kati, wakashuka kusini, na Julai 1935 wakaingia Cape Town. Injini iliwaharibikia jangwani na ikabidi waagize nyingine. Hawakurudi nyuma.

Utaniuliza: mimi wa Nyamira na ndovu wa Ujerumani tunahusiana wapi? Ngoja nikueleze.

Kwetu pikipiki si mchezo wa likizo. Tangu mwaka wa 2008, serikali ilipoondoa kodi ya ongezeko la thamani kwa pikipiki ndogo, boda boda imekuwa miguu ya kijiji. Hubeba majani chai, mikungu ya ndizi, watoto wa shule, hata milango na makochi. Na usiku wa manane, mvua ikinyesha, hubeba mama aliyeshikwa na uchungu wa kuzaa. Mama huyo hukaa katikati, dereva mbele, na nyuma shangazi au mama mkwe akimshikilia asianguke. Sheria ya Kenya inaruhusu abiria mmoja tu kwenye pikipiki. Lakini nani atamwambia mama aliyezidiwa na maumivu ajishikilie peke yake? Kwa hiyo wanateremka watatu, breki zinalia, tairi la nyuma linakwenda upande wake. Wakianguka, wanaoanguka ni wanne, maana kuna mmoja ambaye bado hajazaliwa.

Wataalamu wa afya ya uzazi huzungumzia kuchelewa kwa aina tatu kunakoua akina mama: kuchelewa kuamua, kuchelewa kufika, na kuchelewa kuhudumiwa baada ya kufika. Kwa miaka mingi tumehubiriwa juu ya lile la kwanza, na tumesikia. Leo mama wengi wa Gusii wanajua kwamba mahali pa kuzalia ni hospitalini. Linalotushinda usiku wa mvua ni lile la pili. Damu ikianza kumwagika baada ya kujifungua, saa chache tu zinatosha kumwondoa mama aliyekuwa mzima wa afya. Hospitali ya Rufaa ya Kisii inaweza kuwa na daktari, damu na dawa, lakini vyote havimfai aliyekwama kwenye mteremko kilomita tatu kutoka barabara ya lami.

Hapo ndipo gurudumu la tatu linapoingia. Nchini Malawi, katika wilaya ya Mangochi, vituo vitatu vya afya vya mashambani vilipewa pikipiki za ambulensi zenye kigari ubavuni mapema miaka ya 2000. Matokeo yalichapishwa mwaka wa 2008. Muda wa kumfikisha mama mwenye matatizo ya uzazi hospitalini ulipungua kwa kati ya saa mbili na saa nne na nusu, kutegemea kituo. Pikipiki hiyo ilinunuliwa kwa bei iliyokuwa ndogo mara 19 kuliko ya gari la ambulensi. Jirani zetu wa Mbale, Uganda, kwenye miteremko ya mlima Elgon inayofanana sana na yetu, nao wamewahi kubeba akina mama wajawazito kwa pikipiki za namna hiyo. Mama hulala kitandani, amefunikwa mvua isimpige, naye dereva ana nafasi ya kuendesha bila kuegemewa.

Lakini wahenga walinena kwamba kizuri hakikosi ila. Chombo hiki kina tabia zake, na dereva wa boda boda aliyezoea magurudumu mawili asidhani atakirukia na kuondoka. Pikipiki ya kawaida huinama ukikata kona, hii haiinami. Unaigeuza kwa kusukuma usukani kwa nguvu za mikono, kama trekta. Kwetu tunaendesha upande wa kushoto wa barabara, na kigari hufungwa kushoto. Basi ukiongeza mafuta, chombo huvuta kushoto kwa sababu kigari kinabaki nyuma. Ukifunga breki za pikipiki, huvuta kulia kwa sababu kigari kinataka kuendelea mbele. Ukikata kona ya kushoto kwa kasi na kigari kikiwa kitupu, gurudumu lake hupaa hewani. Ndiyo maana wenye kujua hutia gunia la mchanga ndani wasipokuwa na abiria. Kwetu mkungu mmoja mzito wa ndizi ungefanya kazi hiyo hiyo.

Tena njia zetu hazipandi mlima moja kwa moja. Zinaukata kwa ubavu. Ukienda, kigari kiko upande wa mlimani na chombo kinataka kukuangukia bondeni. Ukirudi, kigari kiko upande wa bondeni na usukani unavutwa huko. Dereva anahitaji kujifunza siku nyingi, kwanza uwanjani, kisha kwenye mteremko mdogo, mchana na pakiwa pakavu, kabla ya kuitwa usiku. Naye fundi asiunganishe kigari kwa kukisia. Kikikaa mshazari, tairi huliwa upesi na pikipiki haiendi sawa. Kabla hata ya kumpa fundi kazi, kikundi kiulize mamlaka ya usalama barabarani, NTSA, na kampuni ya bima, maana kubadilisha umbo la chombo si jambo la kuamuliwa kwenye kibanda cha kuchomelea vyuma.

Yote hayo, msomaji wangu, yanaweza kufunzwa na kununuliwa. Vyama vya akina mama vimenunua ng'ombe, mahema na viti. Waendesha boda boda wana vikundi vyao vya akiba. Wakiungana, kigari kimoja kwa kata moja si ndoto. Kizuizi kikubwa hakiko kwenye fedha. Kiko langoni pako.

Sensa ya mwaka wa 2019 ilihesabu watu 1,266,860 katika kaunti ya Kisii na 605,576 katika Nyamira. Gawanya hesabu ya Kisii kwa eneo lake utapata watu zaidi ya 900 katika kila kilomita moja ya mraba, tena wengi wao mashambani. Shamba la babu likagawiwa wana, la wana likagawiwa wajukuu, na kila mgao ulipofanywa, mwenye kupanda ua alilisogeza kidogo kuelekea njiani. Futi moja mwaka huu, futi nyingine baada ya miaka kumi. Jirani wa ng'ambo naye akajibu kwa kusogeza lake. Njia ambayo mababu walipitisha ng'ombe wanane wa mahari wakiwa sambamba, leo haipitishi jeneza bila wabebaji kupanga foleni. Njia tumeimeza, tena kwa kijiko, kila mtu akidhani alichokula ni kidogo.

Pikipiki ya magurudumu mawili ilitusamehe dhambi hiyo kwa sababu inapita hata kwenye upenyo wa mbuzi. Kigari cha ubavuni hakisamehi. Kinataka karibu mita mbili ili kipite bila kukwaruza. Kwa hiyo hata tukiletewa ambulensi za pikipiki kumi kesho asubuhi, zitasimama pale lami inapoishia, mama aletwe kwa machela kama zamani.

Swali langu basi ni hili: njia ya kwenda kwako ina upana gani? Usinijibu kwa kukisia. Kata fito ya mita mbili, uishike imelala, utembee nayo kutoka mlangoni pako hadi barabara kubwa. Mwite na jirani mtembee pamoja. Kila mahali fito itakapogonga ua, wekeni alama. Mtashangaa kuona kwamba pengine ni mahali pane au patano tu, na kwamba mawili kati ya hayo ni ya kwako mwenyewe. Barabara zilizo kwenye ramani ya ardhi zina upana uliowekwa, na chifu anaweza kuombwa ailete habari hiyo barazani. Lakini heri jirani akubaliane na jirani juu ya kikombe cha chai kuliko kupelekana kwa mpimaji. Na mkishapanua, chimbeni mtaro upande wa mlimani maji yapate pa kupita, la sivyo mvua ya kwanza itaichukua kazi yenu yote.

Najua atakayesema, "Mimi sina binti mjamzito, nipoteze mistari miwili ya chai kwa faida ya nani?" Mzee wangu, njia haichagui. Itampitisha mama wa jirani mwaka huu. Mwaka ujao huenda ikakupitisha wewe mwenyewe presha ikipanda. Itapitisha maziwa yako na majani chai yako kabla hayajanyauka.

Wakati tunangoja gurudumu la tatu, yapo ya kufanya na mawili tuliyo nayo. Mwenye mimba nyumbani, zungumza mapema na dereva mmoja mzee wa kazi, asiyekunywa, na nambari yake iandikwe ukutani. Wekeni nauli kando. Masika yakikolea, mkague tairi lake la nyuma. Lililoisha meno halifai mlima, na wengine hulizungushia mnyororo ili lipate kuuma. Mimba ikikaribia mwisho na nyumba iko mbali, mpeleke mama akae kwa ndugu aliye karibu na hospitali. Na akiona damu, akipata kifafa, au kichwa kikimuuma sana na macho kumfanyia kiwi, msingoje kupambazuke.

Fito ya mita mbili haigharimu kitu, msomaji wangu. Ikate wiki hii, kabla mvua haijarudi. Tukutane Jumapili ijayo, panapo majaliwa.