Kabla Hujatuma Pesa ya Koili

Asubuhi moja gari letu la kazi, Probox ya kawaida kama zile mnazopanda kila siku kutoka Rongo kuja Migori, lilianza kutetemeka. Tulikuwa tumetoka Oruba kwenda kuwaona mawakala wetu upande wa Isebania. Taa ya injini ikawa inawaka na kuzima, kilimani gari halivuti, na nyuma linatoa harufu ya petroli. Fundi wa kwanza tuliyempata hapa Suna alifungua boneti, akasikiliza kidogo, akasema: "Omera, gari inamisi. Koili zote nne zimeisha. Weka na plagi mara moja. Tuma 12,000 kwa hii namba, kijana aende dukani saa hii."

Simu ilikuwa mkononi tayari. Sisi ambao kazi yetu ni kuwafundisha watu kutuma pesa kwa uangalifu tulikuwa tumebakisha PIN tu.

Kilichotuzuia si ujanja. Ni mwenzetu mmoja aliyekuwa kiti cha nyuma, aliyeuliza swali dogo: "Amejuaje ni zote nne?" Hapo tukaangalia skrini tena, na jina lililokuwa limetokea lilikuwa la mtu, si la duka.

Watu wengi gari likikataa huanza na swali moja: nibadilishe mwenyewe niokoe pesa ya fundi, au nimwachie? Kwa maoni yetu hilo ni swali la pili. La kwanza ni kama unajua ni kitu gani kimekufa. Pesa ya kufungua koili na kufunga nyingine ni ndogo. Pesa inayopotea ni ile ya kununua vitu ambavyo havikuwa vimekufa, na hiyo unaweza kuipoteza ukiwa na fundi au ukiwa peke yako na spana yako.

Probox nyingi hapa zina injini ya petroli ya 1NZ, yenye silinda nne, na kila silinda ina koili yake imekaa juu ya plagi. Koili huchukua volti 12 za betri na kuzipandisha hadi maelfu kwa maelfu ya volti ili plagi itoe cheche. Ikifa moja, silinda moja inalala na tatu zinafanya kazi ya nne. Ndiyo maana gari bado linatembea, lakini linatembea kama mtu mwenye mwiba mguuni. (Wenye gari za dizeli, hii si yenu. Dizeli haina plagi za cheche.)

Kuzipima hakuhitaji karakana. Mwenye kimashine cha kusoma kodi hukichomeka chini ya usukani, na kodi kati ya P0301 na P0304 inakuambia ni silinda namba ngapi inayomisi. Ukikosa kimashine, zima gari, chomoa waya wa koili moja, washa, usikilize. Injini ikizidi kuyumba, silinda hiyo ilikuwa nzima. Isipobadilika, umempata mgonjwa. Zima gari kila mara kabla ya kugusa waya, kwa sababu umeme ule haufanyi mchezo.

Halafu kuna hatua ambayo mafundi wenye haraka huiruka. Hamisha koili unayoishuku, uiweke kwenye silinda nyingine, na ya huko uilete hapa. Ugonjwa ukihama nayo, ni koili. Ukibaki palepale, koili haina kosa: tafuta plagi, waya au kitu kingine. Zoezi hilo halina gharama. Sisi tulilifanya tukiwa tumeegesha kando ya barabara, kodi ikatoka silinda ya 3 ikahamia ya 2. Koili moja tu. Tuliinunua 2,500 kwenye duka lenye namba ya Till, jina la duka likatokea kabla hatujaweka PIN, na risiti tukapewa.

Kwa hiyo je, koili ubadilishe mwenyewe? Kwa gari la aina hii, tunasema ndiyo, kama una mkono mtulivu. Ni bolti moja ya namba 10 na plagi moja ya waya. Subiri injini ipoe, chomoa waya hasi wa betri, na ukifika kwenye kile kishikizo cha plastiki usikivute kwa nguvu. Joto la miaka mingi limekikausha, na kikivunjika waya utakuwa unalegea kila ukipita tuta. Angalia pia lile shimo la plagi. Ukikuta oili ndani, gasketi ya kifuniko cha juu inavuja, na koili mpya utakayoweka itaharibika kama ile ya zamani. Hapo koili pekee haitoshi.

Plagi ni mwendo ule ule, ila hapa ndipo tumeona watu wakilia. Kichwa cha injini hiyo ni cha alumini. Anza kuifunga plagi kwa vidole, izunguke yenyewe bila ubishi, ndipo uweke spana ukaze kwa kiasi. Ukiilazimisha ikiwa imekaa upande, nyuzi zinakatika, na kazi uliyotaka kuokoa shilingi 500 inageuka kuwa ya kufungua kichwa cha injini. Kama hujawahi kufanya, mlipe fundi hiyo 500 usimame karibu uangalie. Hiyo ni karo nafuu. Na gari la zamani lenye distributa liache kwa fundi, kwa sababu ukiigusa vibaya unavuruga majira ya cheche, na kuyarudisha kunahitaji taa maalumu.

Lakini kuna kifaa kingine ambacho watu huita "ignition" vilevile, na hapo msimamo wetu ni tofauti kabisa. Ni suichi ya ufunguo, ile iliyo kwenye usukani. Dalili zake ni nyingine: unazungusha ufunguo na hakuna kitu, au taa za dashibodi zinazima ukipita shimo, au gari linazima lenyewe njiani. Dawa ya haraka inayotolewa mitaani ni kukata waya na kuweka kitufe kwenye dashibodi. Ni rahisi, na gari litawaka leo.

Mwaka 2014 kampuni ya General Motors ya Marekani ililazimika kurudisha magari zaidi ya milioni 2.5 kwa sababu ya suichi kama hiyo. Kosa lilikuwa dogo: suichi ilikuwa legelege kiasi kwamba ufunguo ungeweza kuteleza gari likiwa kwenye mwendo. Injini inazima, usukani unakuwa mzito, na mifuko ya hewa haifunguki ajali ikitokea. Vifo 124 vilihusishwa na suichi hiyo katika mpango wa fidia. Hiyo ilikuwa suichi iliyotoka kiwandani, iliyochorwa na wahandisi. Sasa fikiria ile iliyounganishwa kwa selotepu kwenye gari la abiria linaloshuka kuelekea daraja la Migori, lori la miwa nyuma yake.

Kwa hiyo suichi ya ufunguo tunasema usiibadilishe mwenyewe, na usimkubalie yeyote akuwekee kitufe. Tafuta fundi wa waya anayejulikana, si makanika wa kila kitu. Gari lenye ufunguo wa chipu likipewa suichi na ufunguo vya kubahatisha linaweza kukataa kuwaka kabisa. Kabla hujafika huko, jaribu ufunguo wa akiba kama unao, na uondoe lile fungu zito la funguo za nyumba, duka na kufuli la lango. Wakati mwingine aliyechakaa ni ufunguo, si suichi.

Turudi kwenye simu, maana hapo ndipo sisi tunaingia. Spea nyingi za huku hutoka Kisumu au Nairobi, Barabara ya Kirinyaga, na husafiri usiku kwa basi. Unatumiwa picha, unatuma pesa, asubuhi unaenda kuchukua mzigo. Wengi wanauza kwa uaminifu. Lakini kumbuka kwamba kurudisha muamala ni msaada wa aliyekosea namba. Ukituma kwa namba uliyokusudia ukaletewa koili feki, mfumo wetu hauoni kosa lolote, na tutakachokupa ni rekodi ya kwenda nayo polisi. Tunapenda kusema wazi hivyo kuliko kukupa matumaini. Muombe muuzaji picha ya namba iliyoandikwa kwenye koili yenyewe uilinganishe na yako, lipa kwenye Till ya duka, na ukiweza mkubaliane ulipe mzigo ukifika.

Na fundi akisema tuma kwa namba yangu, mwambie kwa heshima utalipa dukani mwenyewe. Fundi mwema hatakasirika. Yule wetu wa Suna, kusema kweli, alinuna kidogo, kisha akaomba kuona ile kodi kwenye kimashine. Alisoma, akanyamaza, akasema, "Sawa, ni moja tu." Tulimlipa 500 afunge, ingawa tungeweza kufunga wenyewe. Mchana tulikuwa Isebania.

Jambo moja ambalo hatujakubaliana hapa ofisini ni mkopo. Wengine wanasema gari ni kazi, kopa kwenye simu ulitengeneze leo. Wengine wanasema ada inapanda hata siku ambazo gari limelala. Tunachokubaliana ni kwamba usikope 12,000 kabla hujahamisha koili moja kutoka silinda hii kwenda ile.