Cha bure kina bei: siku maziwa ya Aprili yalipohamia Disemba

Nimekuwa kimya kwa muda, naomba radhi, kazi zilinibana. Leo nataka kuongea juu ya jambo ambalo kila anayeandika programu hapa kwetu analijua, ila hatupendi kulisema mbele ya wateja: sehemu kubwa ya kazi tunayouza hatukuiandika sisi.

Ukiniomba nikutengenezee mfumo wa duka, shule au zahanati, siketi chini nikaandika kila kitu kuanzia mwanzo. Kazi ya kusoma faili za Excel nitachukua laibrari iliyoandikwa na mtu fulani huko ulimwenguni, akaiweka kwenye mtandao bure. Kazi ya kutengeneza risiti, laibrari nyingine. Kutuma barua pepe, nyingine. Kuchora grafu, nyingine tena. Mimi nagundisha tu, kisha nakuletea ankara yenye jina langu. Si wizi, maana wenyewe wameruhusu. Na bila wao, kijana mwenye kompyuta moja hapa Nakuru asingeweza kushindana na kampuni yoyote.

Shida inaanza siku ya kupandisha toleo. Nitawasimulia iliyonipata mimi, halafu niseme ninachoamini.

Miaka kadhaa iliyopita nilitengeneza mfumo wa chama kimoja cha ushirika cha wafugaji, huko juu upande wa Njoro. Kazi yake ilikuwa rahisi. Karani wa kila njia ya kukusanya maziwa aliandika kilo za kila mkulima kwenye jedwali la Excel. Mwisho wa mwezi majedwali yalipakiwa kwenye mfumo, mfumo ukajumlisha, ukakata madeni ya chakula cha ng'ombe, ukatoa orodha ya malipo. Ulifanya kazi miaka miwili bila neno.

Kisha kampuni iliyokuwa inatuhifadhia tovuti ikatangaza kwamba PHP ya zamani itaondolewa kwenye seva zao. Walikuwa na haki, kwa sababu matoleo ya zamani huacha kupata viraka vya usalama. Lakini laibrari yangu ya kusoma Excel haikukubali PHP mpya. Ikabidi niipandishe kutoka toleo la 1 hadi la 2. Nikafanya hivyo usiku, nikapakia jedwali dogo la majaribio lenye mistari michache ya tarehe ishirini na kitu, nikaona kilo zimesomeka vizuri. Nikafunga kompyuta, nikalala usingizi mzito.

Mwisho wa Aprili makarani wakapakia majedwali yao. Malipo yakatoka mwanzoni mwa Mei, wiki ambayo shule zinafunguliwa. Siku ya pili yake nikapigiwa simu niende haraka. Nilipofika nilikuta wakulima wamejaa uani, na mama mmoja akanyoosha kitabu chake kidogo cha maziwa mbele ya uso wangu.

"Kijana, ng'ombe wangu nimewakamua kila siku. Hizi siku zingine zimeenda wapi?"

"Mama, nipe dakika chache niangalie."

Dakika chache ziligeuka saa tano. Kitabu chake kilisema kilo 14 kwa siku, siku 30, yaani kilo 420. Mfumo wangu ulisema kilo 266. Kwa bei ya chama wakati huo, shilingi 35 kwa kilo, alitakiwa kupata shilingi 14,700 kabla ya makato. Alihesabiwa 9,310. Zilipungua shilingi 5,390, na hivyo ndivyo ilivyokuwa kwa kila mkulima, kila mmoja kwa kadiri ya maziwa yake.

Nilipofungua hifadhidata nikaona kioja. Maziwa ya Aprili 12 yalikuwa yameandikwa kuwa ya Disemba 4, mwaka huo huo. Maziwa ambayo ng'ombe bado hawajayatoa! Ya Aprili 11 yalikuwa ya Novemba 4. Ya Aprili 1 yalirudi nyuma hadi Januari 4.

Mmeshaelewa? Sisi huandika siku kwanza, halafu mwezi. Wamarekani huandika mwezi kwanza, halafu siku. Toleo la 1 la ile laibrari lilikuwa linanirudishia tarehe kama maandishi, jinsi karani alivyoiandika, na msimbo wangu ndio uliokuwa unaitafsiri. Toleo la 2 lilianza kuitafsiri lenyewe, kwa mpangilio wa Kimarekani. Kwa hiyo 12/04 ikawa Disemba 4. Kuanzia tarehe 13, kwa kuwa hakuna mwezi wa kumi na tatu, laibrari ilishindwa ikaniachia maandishi kama zamani, na msimbo wangu ukayasoma sawasawa. Katika siku 12 za kwanza za mwezi ni moja tu iliyosalimika: tarehe 4 Aprili, kwa sababu 04/04 hata ukiigeuza ni ile ile. Siku 11 zikapotea. Na mistari yangu ya majaribio, kama mnavyokumbuka, ilikuwa ya tarehe ishirini na kitu.

Kurekebisha msimbo kulichukua mstari mmoja. Kurekebisha malipo kulichukua siku nne, maana orodha mpya ilibidi ihakikiwe na kutiwa sahihi na kamati. Yule mama aliniambia mtoto wake alichelewa kuripoti shuleni kwa sababu ya karo iliyopungua. Sikuwa na la kumjibu. Nilisema pole.

Hasira zangu za kwanza zilimwendea mwandishi wa laibrari. Kwa nini abadilishe kitu kinachofanya kazi? Nikaenda kusoma maelezo ya toleo la 2, kwa mara ya kwanza, na yalikuwa pale: tarehe sasa zinarudishwa kama tarehe, chagua mpangilio unaoutaka, usipochagua ni wa Kimarekani. Alikuwa ameniambia. Hata ile namba ilikuwa imeniambia, kwa kuwa kwa desturi ya waandishi wengi wa laibrari, namba ya kwanza ya toleo ikibadilika ni onyo kwamba kuna kitu cha zamani kimevunjwa makusudi. Mimi niliipita kama mtu anayepita kibao cha "Mbwa Mkali" akiwa anaongea na simu.

Na leseni je? Laibrari nyingi za bure hutolewa kwa leseni ya MIT au nyingine za namna hiyo, na zote zinasema wazi kwamba unapewa kitu kama kilivyo, bila dhamana yoyote. Yule bwana hakuniahidi kitu. Mimi ndiye niliyewaahidi wakulima.

Hili halitupati sisi wadogo peke yetu. Chukua Ushahidi, programu ambayo Wakenya tunajivunia. Ilizaliwa Januari 2008, wakati wa ghasia za baada ya uchaguzi ambazo watu wa Nakuru, Naivasha na Eldoret hawahitaji kukumbushwa. Ory Okolloh alitoa wazo kwenye blogu yake, akina David Kobia, Erik Hersman na Juliana Rotich wakashirikiana naye, na baada ya siku chache watu wakawa wanaripoti matukio kwenye ramani. Programu hiyo ilipoandikwa upya ili wengine duniani waitumie, ilijengwa kwa PHP juu ya mfumo wa bure uitwao Kohana. Kohana nayo ilikuwa imechipuka mwaka 2007 kutoka mfumo mwingine wa bure, CodeIgniter. Mwaka 2010 Ushahidi ikatumika kwenye tetemeko la Haiti. Lakini mwaka 2017 Kohana ikafikia mwisho wake. Waliokuwa wakiitunza walikuwa wameiacha. Ushahidi ipo hadi leo, imehamia Laravel, lakini ilihama kwa sababu ina watu na fedha za kufanya kazi hiyo ya kuhama. Chama cha ushirika cha Njoro kina mimi tu.

Au chukua kisa cha Machi 2016, cha laibrari iitwayo left-pad. Ilikuwa na mistari 11 tu, kazi yake kuongeza nafasi upande wa kushoto wa neno. Mwandishi wake aligombana na wenye ghala la npm juu ya jina la laibrari yake nyingine, akaondoa kazi zake zote. Programu nyingi duniani, hata za kampuni kubwa, zikashindwa kujengwa kwa saa kadhaa, hadi ile mistari 11 iliporudishwa. Wengi wa waliokwama hawakujua hata kama wanaitumia. Ilikuwa imeingia kupitia laibrari ya laibrari ya laibrari.

Najua kuna wanaosema: basi usipandishe toleo, kikifanya kazi usikiguse. Nawaelewa, lakini hapana. Machi 2017 ulitolewa muhtasari wa udhaifu ndani ya Apache Struts, ambayo pia ni ya bure, na kiraka chake kikatolewa mwezi huo huo. Kampuni ya Equifax ya Marekani haikukiweka mahali palipohitajika. Wezi wakaingia, na taarifa za watu wapatao milioni 147 zikachukuliwa. Kupandisha bila kuangalia kulinivunjia hesabu, kutopandisha kungeweza kuniletea wezi. Njia iliyobaki ni ya kuchosha: kupandisha huku macho yakiwa wazi.

Mfano mzuri tunao hapa hapa Bonde la Ufa. OpenMRS, mfumo wa bure wa rekodi za wagonjwa ulioanza mwaka 2004, ulianza kutumika Eldoret Februari 2006 kupitia mpango wa AMPATH. Juu yake ndipo pamejengwa KenyaEMR, unaotumika katika vituo vingi vya afya nchini. OpenMRS hupanuliwa kwa moduli, na moduli inaweza kutaja ndani yake toleo la OpenMRS inalolihitaji. Kama toleo hilo halipo, moduli inakataa kuwaka. Inaudhi, ndiyo. Lakini ni heri kitu kinachokataa kwa sauti kuliko kinachokubali kimya kimya halafu kikampa mgonjwa dawa ya mwingine, au kikapeleka maziwa ya Aprili Disemba.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu. Laibrari ya bure ni kama ng'ombe uliyepewa zawadi: hukumnunua, lakini kumlisha ni juu yako. Sasa nafanya hivi:

1. Nafunga matoleo. Kwa wanaotumia PHP, faili la composer.lock linahifadhi toleo kamili la kila laibrari. Hakuna kinachobadilika mpaka mimi niamue.

2. Nasoma maelezo ya toleo jipya kabla, si baada ya wakulima kujaa uani.

3. Najaribu kwa data halisi ya mwezi mzima. Natoa jumla kwa toleo la zamani, natoa kwa jipya, nalinganisha. Zikitofautiana hata kwa kilo moja, silali.

4. Mfumo wenyewe nimeufundisha kushangaa. Maziwa ya tarehe ambayo haijafika yanakataliwa. Ningekuwa na mstari huo mmoja, kosa lingejulikana siku ile ile ya kupakia.

5. Kila mkataba wangu una kipengele cha matunzo cha kila mwaka. Mteja akiuliza kwa nini alipie kitu kilichokwisha, namweleza kwamba hata gari likikaa gereji tu hubadilishwa oili.

Hilo la tano ndilo gumu, na ndilo ninalotaka tubishane. Wengi wetu tunauza mfumo mara moja, kwa bei ya chini ili tupate kazi, kisha tunabadilisha laini ya simu. Tunafanya laibrari za bure zionekane kana kwamba kazi yote ni ya bure. Mteja hajui kuwa ndani ya mfumo wake kuna kazi za watu thelathini asiowajua, ambao yeyote kati yao anaweza kuoa, kuugua au kuchoka kesho. Tumwambie. Tumpe orodha. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ukuta huo hulipiwa na mtu asiyejua hata PHP ni nini.

Na tuwakumbuke wale waandishi wenyewe. Baada ya mkasa ule nilimwandikia yule bwana, nikampa mfano wa tarehe za huku kwetu na jaribio dogo la kuongeza kwenye laibrari yake. Alijibu baada ya wiki tatu kwa mstari mmoja wa asante, jaribio akaliingiza. Sikumlipa hata senti. Lakini angalau sasa, mtu mwingine wa Molo au Morogoro akipandisha toleo, kuna mtu mmoja kwenye mradi ule anayejua kuwa dunia nzima haianzi na mwezi.

Yule mama bado anapeleka maziwa pale. Kitabu chake kidogo bado anacho, na kila mwisho wa mwezi anajumlisha mwenyewe kwa kalamu kabla ya kuangalia orodha ya kompyuta. Karani anasema anapoteza muda. Mimi nimemwambia aendelee.

Haya, tuonane tena wiki ijayo Mungu akipenda.